Wiski moja, pua mbili: kwa nini hatukubaliani kuhusu skochi

Mwaka 2014 kampuni ya Laphroaig, inayotengeneza wiski katika kisiwa cha Islay magharibi mwa Uskoti, iliamua kujitangaza kwa maneno ya wanywaji wenyewe, wakiwemo waliochukizwa. Watu walialikwa waseme kinywaji kile kina ladha gani, na majibu ya kuponda yakatolewa hadharani sambamba na ya kusifu. Ni biashara chache zenye ubavu wa kuanika kejeli za wateja wake. Laphroaig iliweza kwa sababu inajua jambo ambalo wauzaji wengi hulipitia juu juu: kwenye chupa ile ile yupo atakayesikia harufu tamu ya moto wa kuni ufukweni, na yupo atakayesikia Dettol na bandeji. Wote wawili pua zao ni nzima.

Ubishi wa skochi (wiski ya Uskoti) ipi bora hauishi kwa sababu ni maswali kadhaa yaliyofungwa kwenye furushi moja. Kuna swali la kilichomo chupani na kilikotoka. Kuna swali la pua inayonusa, maana pua hazikuumbwa sawa. Halafu kuna alichoambiwa mnywaji kabla hajanyanyua glasi. Mtu anaposema "mimi skochi siiwezi", mara nyingi alichokikataa ni kitu kimoja tu ndani yake, na kwa kuwa hakujua kukitenga, amekataa ukoo mzima.

Tuanze na chupa. Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, ile inayoandikwa Single Malt kwenye lebo, inabanwa na kanuni za Uingereza za mwaka 2009. Lazima itokane na maji, hamira na kimea cha shayiri peke yake, ikenekwe, yaani ichemshwe na mvuke wake upozwe uwe pombe kali, kwa mafungu kwenye mitungi ya kiwanda kimoja, ilale kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 huko huko Uskoti kwa miaka isiyopungua 3, na iingie chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Cha kuongeza ni maji na rangi ya karameli, basi. Neno kiwanda kimoja lisikuchanganye: chupa moja inaweza kuwa na mchanganyiko wa mamia ya mapipa, mradi yote yametoka kwenye kiwanda hicho.

Kimea chenyewe si kigeni kwetu. Ni nafaka iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa kabla mche haujaimaliza sukari, kama wafanyavyo wapika pombe ya mtama na ulezi. Tofauti kubwa ya skochi na skochi huanzia hapo kwenye kukausha, kwa sababu moto wa kukaushia unaweza kuwa na moshi au usiwe nao.

Moshi huo ni wa piti, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kinamasini kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Hukatwa kama matofali, huanikwa, kisha huchomwa. Wasomaji wa Burundi na Rwanda wanaijua mali hii. Huko huchimbwa mabondeni, na Rwanda imejenga hata mtambo wa umeme unaoichoma. Katika visiwa vya Uskoti, ambako miti ni adimu, ndiyo iliyokuwa kuni ya kila nyumba. Moshi wake ukipita kwenye kimea ambacho bado kina unyevu huacha kemikali za jamii ya fenoli, na kila moja ina tabia yake. Guayakoli hunuka moshi wa kuni. Kresoli hunuka lami na dawa ya kusafishia vidonda. Dawa iliyomo ndani ya Dettol nayo ni ya ukoo huo huo wa fenoli, kwa hiyo anayeonja Laphroaig akakumbuka wodi hajakosea hata chembe. Na piti si moja. Ile ya visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, imejaa mabaki ya vichaka vidogo vya maua vinavyofunika nyika za huko, ndiyo maana moshi wa Highland Park, wiski ya huko, ni laini na una utamutamu, mbali kabisa na ule wa Islay.

Wanaopenda moshi wana kipimo chao: sehemu za fenoli kwa milioni. Lagavulin hutumia kimea cha takriban 35, Ardbeg takriban 55, na Octomore ya kiwanda cha Bruichladdich imewahi kuvuka 300. Tarakimu hizo hupigiwa debe kana kwamba ni spidi ya gari. Lakini kipimo kile ni cha kimea, hakihusu kilichomo kwenye glasi. Fenoli nyingi hupotea njiani, na zinazobaki hutegemea mkenekaji.

Mfano mzuri upo Islay kwenyewe. Viwanda vya Lagavulin na Caol Ila ni vya mmiliki mmoja, kampuni ya Diageo, na kimea chao hutoka kwenye kiwanda kile kile cha Port Ellen kikiwa na moshi unaokaribiana. Ukizinywa bila kuambiwa hutadhani ni ndugu. Lagavulin ni nzito, ina mafuta, moshi wake ni kama umepikwa. Caol Ila ni nyepesi, safi, ina ndimu na chumvi kidogo, na moshi wake unapeperuka. Kimea hakiwezi kuwa sababu, maana ni kile kile. Sababu ni mitungi ya shaba na namna inavyotumiwa. Mitungi ya Lagavulin ni minene na hujazwa sana, mvuke haupati nafasi ya kutosha kugusana na shaba. Ile ya Caol Ila hupewa nafasi, mvuke husuguana na shaba, na shaba huondoa uzito na harufu za kiberiti. Isitoshe, fenoli hutoka kwa wingi mwishoni mwa mkeneko. Anayeacha kukusanya pombe mapema huipata safi zaidi, anayesubiri huzoa moshi na uzito wake.

Kuhusu mitungi, ile ya Glenmorangie ndiyo mirefu kuliko yote Uskoti. Shingo zake zina mita 5.14, na kampuni yenyewe hupenda kusema huo ndio urefu wa twiga aliyekomaa, hata imemfanya twiga kuwa nembo ya matangazo yake. Mtanzania akimkuta mnyama wake wa taifa kwenye tangazo la pombe ya Kiskoti asishangae. Shingo ndefu maana yake ni kwamba mvuke mzito hushindwa kupanda, hurudi chini, na kinachofika juu ni chepesi chenye harufu za maua na matunda.

Sasa pua, na hapa ndipo ninapoona wajuvi wengi wa wiski wanateleza, kwa sababu huwachukulia wasiopenda moshi kama watoto ambao bado hawajakua.

Binadamu ana aina takriban 400 za vipokezi vya harufu puani, na kila aina ina jeni yake. Utafiti ulioongozwa na Joel Mainland wa kituo cha Monell, Philadelphia, uliotoka kwenye jarida la Nature Neuroscience mwaka 2014, ulionyesha kwamba ukichukua watu wawili, kwa wastani zaidi ya asilimia 30 ya nakala za jeni zao za vipokezi hivyo hazifanyi kazi kwa namna moja. Kisha ukachunguza kipokezi kimoja, OR10G4, ambacho huitikia guayakoli kwa nguvu. Ndiyo, guayakoli ile ile ya moshi wa piti. Tofauti za jeni hiyo moja zilieleza zaidi ya asilimia 15 ya tofauti za watu katika kuona harufu hiyo ni kali kiasi gani, na zaidi ya asilimia 10 ya tofauti katika kuipenda au kuichukia. Kwa vanilini, harufu ya vanila, jeni hiyo haikueleza kitu.

Asilimia 10 au 15 si nyingi, utasema. Kwa jeni moja, kati ya mamia, ni nyingi sana. Maana yake ni kwamba watu wawili wakikaa meza moja na kumiminiwa Ardbeg kutoka chupa moja, huenda kila mmoja ana kinywaji chake. Anayesema moshi umefunika kila kitu anasema kweli yake, na anayesema anasikia ndimu na chokoleti nyuma ya moshi hamdanganyi mtu.

Sehemu iliyobaki ni mazoea, na haya hayadharauliki. Mkalenjin aliyekuzwa kwa mursik, maziwa yanayochachia kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa miti maalumu, ameshajifunza tangu utotoni kwamba jivu na moshi ndani ya kinywaji ni dalili ya utunzaji. Kwa aliyekua na maziwa ya pakiti, moshi kwenye maziwa ni ajali ya jikoni. Pua huitafsiri harufu kwa kumbukumbu zake. Ndiyo maana wengi walioikunjia uso Islay mara ya kwanza huja kuipenda baadaye, na ndiyo maana wengine hawaji kuipenda hata wakiizoea. Kumshauri mtu ajaribu tena ni sawa. Kumwambia hajakomaa ni ujuvi.

Tuondoke kwenye moshi, maana wiski nyingi za kimea za Uskoti hazina moshi wa kutajika. Kwa hizo, pipa ndilo lenye usemi mkubwa.

Pombe inayotoka mtungini ni nyeupe kama maji. Rangi yote isiyo ya karameli na sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye mti. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwa hiyo kila mwaka kuna mapipa mengi ya lita 200 hivi yaliyotumika mara moja yanayotafuta kazi nyingine. Uskoti huyanunua. Mwaloni wa Marekani hutoa vanila, asali, na harufu ya nazi isiyokosewa, ambayo hutoka kwenye kemikali ziitwazo laktoni. Mapipa ya mvinyo wa sherry wa Jerez, kusini mwa Hispania, ni habari nyingine: zabibu kavu, tende, njugu, ngozi, na kama mti wenyewe ni mwaloni wa Ulaya, ukakasi unaokausha ulimi. Mwaloni pia una eujenoli, mafuta yale yale yanayoipa karafuu ya Unguja na Pemba harufu yake, kwa hiyo ukisikia karafuu kwenye wiski huhitaji kuona aibu kuisema. Ipo.

Hapa kuna mgawanyiko mwingine mkubwa wa wanywaji, ingawa hauna kelele kama wa moshi. Wapo wanaoona Glenfarclas na GlenDronach, zinazosifika kwa mapipa ya sherry, ndiyo kilele cha mambo yote. Wapo wanaosikia njiti ya kiberiti iliyozimwa, na hawakosei pia, kwani baadhi ya mapipa ya mvinyo hufukizwa salfa ili yasiharibike, na watu hutofautiana sana katika kuisikia. Mimi huona sherry nyingi ya siku hizi imezidi: pipa limepiga kelele mpaka kiwanda hakisikiki. Lakini hilo ni langu.

Kitu ambacho hakikusaidii kama unavyodhani ni ramani. Kanuni zinatambua maeneo matano: Highland, Lowland, Speyside, Campbeltown na Islay. Mwaka 1988 kampuni ya United Distillers, mtangulizi wa Diageo, ilitoa mkusanyo wa wiski sita uliopangwa kwa maeneo, na tangu hapo watu wakazoea kusema Islay ni moshi, Speyside ni matunda na utamu, Lowland ni nyepesi. Kama mlango wa kuingilia si mbaya. Kama sheria ni ovyo. Bruichladdich na Bunnahabhain ziko Islay, na chupa zao kuu hazina moshi wa piti. Ardmore iko Highland bara na inatumia kimea cha moshi. Talisker ya kisiwa cha Skye, yenye moshi na pilipili manga, kisheria nayo ni Highland, kapu moja na Glenmorangie.

Lakini anayebomoa ramani kabisa ni Springbank wa mji wa Campbeltown. Chini ya paa lile lile hutengenezwa wiski tatu. Springbank yenyewe ina moshi kiasi, na sehemu ya pombe yake hukenekwa mara mbili na nyingine mara tatu, ndiyo watu wakasema mara mbili na nusu. Longrow ina moshi mzito na hukenekwa mara mbili. Hazelburn haina moshi na hukenekwa mara tatu. Eneo moja, kiwanda kimoja, mitungi ile ile, halafu vinywaji vitatu ambavyo mpenzi wa kimoja anaweza kukisusa kingine. Kilichobadilika ni maamuzi ya watu wanaokausha kimea na kuendesha mitungi.

Umri nao una ujanja wake. Namba kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, kwa hiyo haidanganyi. Ila haisemi utapenda. Miaka mingi maana yake ni mti mwingi, na takriban asilimia 2 ya kilichomo pipani huyeyukia hewani kila mwaka, jambo ambalo hupandisha bei hata kama ladha haijapanda. Kwa wapenda moshi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu fenoli hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Mtu anayetafuta moshi wa kupasua kichwa halafu akanunua chupa ya miaka 25 amelipa mara kumi kununua moshi uliopungua. Anayetaka ulaini na harufu ya samani za mbao kuukuu, huyo atakuwa amepata alichokitafuta.

Bei na rangi hufanya kazi yao kabla ya ulimi. Watafiti wa Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Wale walikuwa watu wanaosomea kuonja. Sasa fikiria karameli inayoruhusiwa kwenye skochi, ambayo kazi yake rasmi ni kufanya chupa zote zifanane rangi. Ukiona wiski nyeusi kama kahawa, akili imeshaandaa tende na zabibu kabla pua haijafika. Mwaka 2008 ulitoka utafiti mwingine, wa Marekani, ulioonyesha kwamba mvinyo ule ule ukitajwa kwa bei kubwa, wanywaji huufurahia zaidi, na hata sehemu ya ubongo inayohusika na raha huchangamka zaidi. Chupa ya Macallan ya mwaka 1926 iliyouzwa London Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2 ni habari ya uhaba na sifa. Habari ya ladha ni shughuli nyingine.

Maji, je? Kuna wanaoona kutia maji ni dhambi, na wao hawana hoja. Wiski nyingi zimeshatiwa maji kiwandani kushuka mpaka asilimia 40, 43 au 46. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa chuo kikuu cha Linnaeus, Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walitumia kompyuta kufuatilia guayakoli ndani ya mchanganyiko wa maji na kilevi. Kilevi kikizidi asilimia 59, molekuli za guayakoli huzungukwa na kilevi na kuzama ndani. Kikiwa karibu asilimia 45 au chini, hupanda na kukaa juu ya uso wa kinywaji, zilipo karibu na pua yako. Kwa hiyo ukinunua wiski iliyotoka pipani ikiwa na asilimia 60, matone ya maji yanaifungua. Ukiwa na ya asilimia 40, unaizimua tu, lakini kama kilevi kinakuunguza, izimue na unywe kwa raha. Barafu huzuia harufu zisipae. Ni nzuri kwa kiu na joto la Dar, mbaya kwa anayetaka kujua anakunywa nini.

Akitaka mtu kujijua, namba na ramani aziweke kando, aende baa yenye chupa za kutosha na mwenzake wa kugawana naye, waagize vipimo vidogo vitatu kwa pamoja. Glenmorangie Original, kwa pipa la bourbon bila moshi. GlenDronach ya miaka 12, kwa sherry bila moshi. Caol Ila ya miaka 12, kwa moshi bila sherry. Zinuswe zote kabla ya kunywewa hata moja, mdomo ukiwa wazi kidogo, glasi ikiwa chini ya kidevu kwanza halafu ikisogezwa, kwani anayetumbukiza pua nzima hupigwa na kilevi na hasikii kingine kwa dakika kadhaa. Kisha wabadilishane glasi na kila mmoja aseme anachosikia kwa vitu vya nyumbani kwao: ukwaju, ubani, lami ya barabara, embe bivu, mkaa uliozimwa kwa maji. Orodha za wajuvi zimejaa matunda ya baridi na keki za Krismasi ambazo wengi wetu hatukukua nazo.

Atakayeipenda ya kwanza na kuichoka ya pili ana shida na ukakasi wa mapipa ya sherry, na chupa za bourbon ziko tele. Aliyezipenda ya pili na ya tatu atafute Lagavulin ya miaka 16, yenye uzito na moshi kwa pamoja. Na yule aliyeisukuma Caol Ila mbali asidhani Islay imemfungia mlango: kilomita chache kaskazini, kwenye ufukwe ule ule unaotazama kisiwa cha Jura, Bunnahabhain hutengeneza ya miaka 12 yenye asilimia 46.3, isiyotiwa karameli, yenye njugu, zabibu na chumvi ya bahari, na piti yake huisikii.